Wifi alinisema vibaya na mtaji wangu hakurudisha, sasa anakuja kukaa kwangu tena. Nampokeaje bila kinyongo?

Mama N wa Gungu

Bwana asifiwe wapendwa, na wale wa Tumsifu Yesu Kristo nawasalimu pia. Naombeni ushauri, wa kiroho na wa kinyumbani vyote, maana mama mchungaji wetu ni ndugu wa upande wa mume, nikimweleza yeye leo jioni kesho asubuhi neno liko Kasulu.

Iko hivi. Mimi kwetu Nzega, nimeolewa huku Kigoma, tunakaa Gungu. Wakati fulani wifi yangu alikuja kukaa kwetu, alikuwa amegombana na mumewe, ana watoto, hana pa kushika. Nikampokea vizuri tu, chumba cha watoto nikampa, wanangu wakahamia sebuleni. Baadae akasema anataka kufanya biashara ya dagaa, anunue pale mwaloni Kibirizi apeleke Kasulu, nikatoa hela yangu ya vikoba, sio ya mume wangu, yangu mimi, nikampa mtaji. Akaondoka nayo, hela haijarudi mpaka leo, simu akawa hapokei, alafu ndo nikaja kusikia kwa watu kwamba huko kwa mama mkwe amesema kwangu alikuwa anashinda njaa, eti nahesabu migebuka kwenye sufuria na sukari nafungia chumbani. Sukari nilikuwa naweka chumbani kweli, sisimizi wa hii nyumba kila aliyewahi kulala hapa anawajua, lakini mimi nimnyime mtu sukari? Mama mkwe aliacha kuniongelesha, nikipiga simu anasema yuko shamba. Niliumia jamani, niliumia sana.

Sasa amempigia kaka yake, walirudiana na mumewe, amejifungua tena, mtoto ana tatizo la mguu inabidi aje kliniki hapa mjini, anaomba afikie kwetu. Mume wangu anasema ni dada yangu huyo, nimwambie aende wapi. Na mimi sitaki akae gesti na kichanga, hilo sitaki kabisa. Lakini nikimfikiria anaingia pale mlangoni mimi natabasamu huku moyoni kuna mfupa, naona ni kama naigiza. Waebrania 13:2 naijua, Warumi 12:13 naijua, nafundisha watoto jumapili wanaikariri mbele yangu. Nataka kumpokea kama Mkristo, sio kama mtu aliyeshikiwa fimbo. Naanzia wapi?

Bibi wa Isevya

Mwangaluka mwanangu, maana umesema kwenu Nzega basi wewe ni wangu. Mimi niko Tabora hapa Isevya, nimepokea wageni toka nikiwa binti kwa sababu nyumba ya baba yangu ilikuwa karibu na stesheni na treni ikichelewa watu wote wa kijijini walikuwa wanalala kwetu.

Ngoja nikwambie kitu, wewe umetaja Waebrania na Warumi lakini hujataja Petro, na Petro ndo kaongelea jambo lako lenyewe. Fungua 1 Petro 4, aya ya 8 anasema upendano husitiri wingi wa dhambi, aya ya 9 hapohapo hajapumua anasema mkaribishane ninyi kwa ninyi, pasipo kunung'unika. Kwa nini aziweke pamoja? Kwa sababu yule mzee alikuwa anajua nyumba za watu. Mtu anayelala kwako na kula kwako ndo huyohuyo atakayekuudhi, mgeni wa mbali usiyemjua hana cha kukuudhi nacho, anakuja anaenda. Kwa hiyo Petro hakusema msamehane kwanza mkimaliza ndo mkaribishane, hapana, alijua vitu hivi vinakwenda pamoja, unasamehe huku sufuria iko jikoni. Wewe unangoja moyo utulie kwanza ndo umpokee, mimi nakwambia utangoja sana. Na kumpikia mtu ambae bado anakuuma moyoni sio kuigiza mwanangu, kuigiza ni ukimpikia alafu ukaenda kwa jirani kumsema.

Alafu usijipange kumuonyesha. Najua sisi wanawake, ukisikia umesemwa unahesabu migebuka utataka safari hii umpikie kuku kila siku mpaka aone aibu. Usifanye hivo, hicho ni kisasi kilichopakwa mawese. Pika mnachokula, ugali wenu wa muhogo na dagaa, siku mkiwa na kuhe mle kuhe. Martha Bwana hakumkemea kwa kupika, angekula nini sasa, alimwambia unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi. Ukipika vingi kuliko uwezo wako utaanza kunung'unika wiki ya kwanza tu, na Petro keshasema pasipo.

Na siku anafika usimwekee kikao. Ibrahimu pale kwenye mialoni ya Mamre aliwapa wale wageni maji wakanawa miguu, wakapumzika chini ya mti, wakala mkate na ndama na maziwa, maneno yakaja wakati wanakula na baada ya kula. Ana kichanga, ametoka safari, mpokee mtoto, mpe maji ya moto aoge, ale, alale. Maneno yapo tu hayaendi popote.

Fundi Mwanga

Bibi nakuheshimu sana na umesema vizuri ila mimi naona tunamwonea huyu dada. Kila siku kanisani tunaambiwa samehe samehe, yule aliyekula hela anakaa kimya anasubiri asamehewe. Hela ya vikoba ni hela ya watu, ukichelewesha rejesho unasemwa wewe mbele ya kikundi sio wifi. Huyu dada alilipa kutoka wapi? Hakuna anaeuliza.

Mimi msimamo wangu ampokee lakini ijulikane anakaa mpaka lini, na deni litajwe. Sio dhambi kuweka mpaka. Kuna maandishi ya wakristo wa mwanzo kabisa yanaitwa Didache, tulisoma kwenye darasa la Biblia, yanaelekeza jinsi ya kupokea wageni na yako wazi mno, anasema mgeni apitaye msaidieni kadiri mnavyoweza ila asikae kwenu zaidi ya siku mbili tatu, na akitaka kubaki na ana ufundi afanye kazi ale, kama hana ufundi tafuteni namna asikae bure. Wale walikuwa wanateswa na bado walikuwa na utaratibu. Na Paulo kwa Wathesalonike kasema asiyetaka kufanya kazi asile. Na wazee wetu nao mgeni siku mbili siku ya tatu mpe jembe akalime, hawakuwa na Didache wala nini. Sasa sisi tumekuwa wakarimu kuliko mitume? Samehe sawa, lakini mtaji mwingine usitoe. Kusamehe na kukopesha tena ni vitu viwili.

Bint Ujiji

Mimi sio mkristo, niko Ujiji, nimepita tu nikaona Gungu nikasoma yote. Kwetu pia Mtume amefundisha ugeni ni siku tatu, zaidi ya hapo ni sadaka, na si halali mgeni akae mpaka amtie mwenyeji uzito. Kwa hiyo kaka Fundi hapo tunaelewana. Lakini dada sikiliza, zaidi ya siku tatu ni sadaka haina maana mtoe nje, maana yake kuanzia hapo unapata thawabu ya sadaka. Basi usiihesabu kama hasara. Na kama ana mgonjwa hizo hesabu za siku tunaziweka pembeni. Mtoto ana nini hasa?

Mama N wa Gungu

Asanteni wote, Bibi shikamoo mama yangu, nimesoma meseji yako nikaifunga simu nikakaa kimya kwanza. Hiyo ya kuku umenijua kabisa maana nilishaanza kuwaza.

Bint Ujiji asante dada, mtoto amezaliwa na mguu kifundo, umegeukia ndani. Wamemwambia atawekewa hogo, ile plasta ngumu ya mguu, na linabadilishwa kila wiki, kidogokidogo mguu unanyooshwa, inaweza kuchukua wiki sita hata zaidi, alafu baada ya hapo kuna viatu maalumu vya kuvaa. Na walimwambia asicheleweshe, mtoto akiwa mchanga ndo unanyooka vizuri. Kwenda na kurudi Kasulu kila wiki na kichanga chenye hogo hawezi, nauli tu itamshinda. Kwa hiyo sio siku tatu Fundi, ni zaidi ya mwezi. Hapo ndo penye uzito wangu. Siku tatu hata adui yako unavumilia.

Kuhusu rejesho ndio nililipa mimi, niliuza vitenge vyangu viwili na nikafunga genge kwa muda. Mume wangu hajui kama niliuza vitenge. Nimeandika hapa kwa sababu hamnijui.

Mjukuu wa Ulyankulu

Naomba niongee upande wa mgeni maana nyie wote mnaongea kama wenye nyumba.

Babu yangu na bibi walitoka Burundi mwaka 1972 kwenye yale mauaji, wakaletwa Ulyankulu huku Tabora wakapewa shamba, baba yangu alikuwa mdogo. Wakaishi kama wageni miaka yote hiyo mpaka 2014 walipoanza kupewa vyeti vya uraia, wao na wenzao zaidi ya 150,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Yani babu alikuwa mgeni zaidi ya miaka 40. Na nyie wa Kigoma hamna haja ya kufundishwa habari ya wageni, 2015 wakimbizi wa Burundi walivyojazana pale Kagunga ufukweni ilikuwa meli ya Liemba inawabeba kuwaleta mjini, wakakaa uwanja wa Lake Tanganyika, na majirani wakawa wanapeleka uji na nguo.

Nachotaka kusema ni hiki. Babu alikuwa anatuambia mgeni anayekaa sana hana amani hata akipewa kila kitu. Anasikia mlango ukifungwa kwa nguvu anajua ni yeye. Anaona mama mwenye nyumba kaangalia sufuria anajua anahesabiwa. Sisemi wifi yako alikuwa sahihi, kwenda kukusema kwa mama mkwe ni vibaya na imekuharibia jina. Ila inawezekana kabisa ile ndoo ya sukari chumbani yeye hakuona sisimizi, aliona mtu aliyekimbia ndoa yake na watoto anaomba sukari kwa mke wa kaka yake kila asubuhi. Aibu ikikaa muda mrefu inageuka maneno. Nimeona kwa ndugu zangu wenyewe, waliosaidiwa sana ndo walioongea sana, na wengine mpaka leo hawawezi kumwangalia usoni aliyewasaidia.

Kwa hiyo mimi ningesema wiki ya kwanza mpumzishe kama Bibi alivyosema, baada ya hapo mpe jikoni. Usimpe kama adhabu ya jembe, mpe kama mtu wa nyumbani, mwambie wifi leo pika wewe, chota unga mwenyewe. Akichota mwenyewe hawezi kusema umemhesabia.

Bint Ujiji

Mjukuu wa Ulyankulu umesema neno. Mungu amrehemu babu yako.

Mwinjilisti wa Barabarani

Bwana Yesu asifiwe. Mimi nahudumu vijiji vya upande wa Kasulu, niko na pikipiki kwa hiyo nikipata mtandao naandika mara moja, mnisamehe kama nitaandika kirefu.

Mama N, barua yako ni Filemoni. Ni sura moja tu, isome usiku huu pamoja na mumeo. Onesimo mtumwa amemkimbia bwana wake Filemoni na inaonekana kuna hasara alimwachia, sasa Paulo anamrudisha na anaomba apokelewe kama vile angepokelewa Paulo mwenyewe. Angalia Paulo anavyolifanya lile deni. Hajasema sahau, hajasema ni kitu kidogo, hajamwambia Filemoni wewe ni Mkristo acha kulalamika. Amelitaja kabisa, kama amekudhulumu au unamdai, hilo uliandike juu yangu, mimi nitalipa, na kaandika kwa mkono wake. Alafu aya ya 22 anamalizia niwekee tayari mahali pa kukaa. Deni na kitanda cha mgeni kwenye karatasi moja!

Sasa nani ni Paulo kwenye nyumba yenu? Sio wewe. Wewe ni Filemoni, wewe ndo uliyedhulumiwa. Paulo ni mumeo. Yeye ndo kaka, yeye ndo anayesema nimwambie aende wapi, basi yeye ndo aseme mke wangu lile deni la dada yangu niandikie mimi. Inaniuma naona kwenye nyumba nyingi za kikristo ukarimu anautangaza baba lakini anaulipa mama, kwa usingizi wake, kwa genge lake, kwa vitenge vyake. Mwambie kuhusu vitenge dada yangu. Huwezi kusamehe vizuri kitu ambacho umekificha, na yeye hawezi kukusaidia kubeba asichokijua.

Fundi, umesema deni litajwe, nakubali. Lakini sio kwa mama ambae mtoto wake ana hogo. Ukisoma ule mfano wa Mathayo 18, yule mtumwa alikuwa anadai dinari 100, na dinari moja ni ujira wa kibarua wa siku nzima. Kwa hiyo sio hela ndogo, ni zaidi ya miezi mitatu ya jembe, Bwana Yesu hakuidharau hela ya yule mtu. Kosa lake ni kumshika mwenzie koo wakati mwenzie hana. Kuna wakati wa kudai na kuna wakati unaweka mkono chini.

Na kitu kingine cha kuuliza, huo mtaji aliuchukua lini? Maana 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwa lote kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, na wachuuzi wadogo wa huku vijijini wengi mtaji uliishia hapo, walikula mtaji wakisubiri ziwa lifunguliwe. Nimezika ndoa za watu kwa hiyo miezi mitatu. Simtetei, angepokea simu akasema. Ila uliza.

Fundi Mwanga

Mwinjilisti hapo kwa mume nakubali mia kwa mia, nilikuwa nimeliruka. Na habari ya mguu wa mtoto ingeandikwa mwanzo nisingesema siku tatu, wiki sita ni matibabu sio ugeni. Ila bado nashikilia, mtaji mwingine hapana. Akitaka kufanya kitu mpe kazi gengeni apate hela yake ya kila siku, ndo ile ya Didache.

Mama N wa Gungu

Nimerudi. Jana usiku tumesoma Filemoni, mume wangu alisoma kwa sauti, alipofika kwenye deni nikamwambia habari ya vitenge. Akanyamaza sana. Asubuhi akaniambia hela ya rejesho lile atanirudishia yeye kidogokidogo kila mwisho wa mwezi, na akampigia mama yake mbele yangu, akamwambia mama, dada alipokuwa hapa alikula tulichokula sisi, na hela aliyofanyia biashara ilikuwa ya mke wangu. Mama mkwe aliitika tu ndio, ndio. Haikuwa zaidi ya hapo lakini mimi nilihitaji mtu aseme, sio mimi nijisemee.

Mwinjilisti ndio, ilikuwa mwaka huohuo, alinunua mzigo mmoja tu ziwa likafungwa. Sikuwahi kuunganisha hayo mambo mawili kichwani.

Kisha nikampigia wifi mwenyewe kabla hajafika. Nilimwambia, wifi, njoo na mtoto, chumba kipo, na maneno uliyosema kwa mama yaliniumiza, nimekwambia ili usije ukayasikia kwa mtu, ukiwa hapa sitayarudia. Kimya. Nikadhani simu imekata. Akasema sawa wifi, halafu akauliza alete unga wa muhogo au tunao. Hakuomba msamaha. Mwanzo iliniudhi, nilitaka aseme samahani, baadae nikaona mtu anaeleta unga anajaribu. Sijui kama mfupa umetoka, bado nausikia, ila natandika kitanda na sinung'uniki, hiyo naweza kusema mbele za Mungu.

Anafika alhamisi. Watoto tumeshawaambia wanahamia sebuleni, mkubwa kanuna kidogo. Sasa naomba mwenye uzoefu wa hogo la kichanga, anaogeshwaje? Maana joto la huku mnalijua na mtoto bila kuoga atalia usiku kucha.

Bibi wa Isevya

Usimwogeshe kwenye beseni mwanangu, hogo likilowa linaharibika na ngozi ndani inachubuka. Mkande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu mwili wote sehemu ambazo hazina hogo, shingo, makwapa, na nepi ibadilishwe harakaharaka mkojo usiingie kwa juu. Akilala weka nguo iliyokunjwa chini ya mguu uinuke kidogo, hasa siku ya kwanza likishabadilishwa. Na muwe mnaangalia vidole vya mguu wewe na wifi yako kila mara, vikivimba au vikibadilika rangi vikawa vyeupe au vya bluu, au mkiona vimerudi ndani havionekani, msisubiri siku ya kliniki, mnarudi saa hiyohiyo hata kama ni usiku, kwa hiyo namba ya bodaboda mnayemwamini iwekeni mapema kwenye simu zenu zote mbili. Kesho kutwa kuna mtu wangu anapanda treni kuja Kigoma, nitampa karanga na asali, karanga msage muweke kwenye uji wa mama anaenyonyesha, asali ni yenu wakubwa, kichanga msimpe.

Mama N wa Gungu

Asante Bibi. Nitamtuma mume wangu stesheni kumpokea huyo mtu, na asije akafikia gesti, aje ale hapa kwanza.